Kumi na Saba

Isabella alifika akivutwa na trekta, mwezi wa Julai,
baridi ya Paysandú imekaza kila boliti mjini.
Borgward ya mwaka hamsini na nane, rangi ya maziwa yaliyolala,
mwili wote umetobolewa kama chujio.

Eladio Bentancur hakuamkia mtu.
Alivua glavu, akahesabu kwa kidole:
manne juu ya paa, palipokaa kibao cha teksi;
moja ubavuni mbele, la eriali
ya redio iliyokufa kabla sijazaliwa;
mawili kila mlango, ya vioo vilivyoibwa;
sita kwenye buti, duara, nembo ya klabu ya baiskeli;
na mawili yasiyo na maana yoyote.
"Haya," akasema, "ni ya mtu aliyenunua keekee mpya."

Kumi na saba. Akaandika ukutani kwa chaki.

Wahenga walituachia neno juu ya ufa na ukuta;
juu ya tundu la keekee walinyamaza.
Kwa hiyo kila fundi hujitungia methali yake.
Wengi hukandika lipu, msasa, rangi, haya nenda,
na gari hupendeza miezi sita
hadi kutu iisukume lipu nje kama jipu.
Eladio alikuwa na dharau moja tu duniani, nayo ni hiyo.

Kazi yangu mimi ilikuwa shaba.
Nalala chali ndani ya buti, nabana kipande cha shaba nyuma ya tundu,
maana chuma kilichoyeyuka hakishikani na shaba,
na joto hukimbilia huko, likaacha kupinda bati.
Yeye nje anapachika kisahani, upana wa kifungo cha koti.
Cheche moja.
Anangoja.
Cheche ya pili, upande wa pili.
Anangoja.
Anaweka kiganja: bati likiwa na joto la mkate, bado.
Ukiliharakisha, mlango hujikunja kama karatasi iliyolowa
na hakuna nyundo itakayoutuliza.
Tundu moja, kibuyu kimoja cha mate.
Siku nne tulikunywa hivyo, mikojo ikatutesa.

Siku ya tano, nikikwangua nguzo ya nyuma, kushoto,
chini ya rangi nikakuta risasi.
Risasi ya kulehemu, laini, ya kijivu,
na ndani yake sarafu, upande wa jua umetazama ndani.
Eladio aliipasha moto kidogo. Ikaanguka miguuni mwangu.
Akaingiza kidole gumba tunduni, akakaa nacho humo.
Keekee hula bati, hutema nyuzi.
Hili halikuliwa. Lilisukumwa.
Midomo yake yote ilikuwa imeingia ndani.

Mtu alikuwa ameziba risasi kwa risasi.

Doña Nidia Etcheverry alikuja saa sita na mikate.
Akatazama tundu, akatazama sarafu.
"Baridi ya sabini na mbili," akasema, "baba alirudi kwa miguu.
Alisema betri imekufa.
Gari likakaa wiki tatu kwa mjomba, fundi wa mabomba."
Akamega mkate, hakuula.
"Nilikuwa na miaka tisa. Betri ilikuwa mpya."

Hakuna aliyeongeza neno. Nikachukua shaba yangu, nikaingia.

Usiku tulizima taa za karakana.
Eladio akawasha balbu ndani ya Isabella, akaziba vioo kwa magunia,
tukamzunguka tukitafuta hata tundu la sindano.
Giza lilikuwa zima.
Nidia alipitisha kiganja kwenye nguzo, akakirudisha,
kama mtu anayepima homa ya mtoto aliyelala.

Kwenye risiti Eladio aliandika kumi na saba.
Nikanyoosha mkono kuirekebisha ile chaki ukutani;
akaniambia nikafagie.