Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

Kitabu cha saba kimefika posta ya Moshi,
kona imelowa, ushuru umepita bei.
Ndeshi akauliza: "Na hiyo dhahabu ya Wachina, iko wapi?"
Sina. Hata kijiko cha fedha sina.

Nina picha: kibanio cha nywele za bibi harusi,
nyuzi za dhahabu zilizosukwa kama utando wa buibui,
na muhuri wa sonara, mdogo kama chawa,
nisioweza kuusoma.

Usiku nashika lenzi ya marehemu baba, fundi saa,
nahesabu mapigo ya nyundo.

Ukurasa mmoja umekatwa kwa wembe.
Nani aliutaka kuliko mimi?
Simlaani.
Jumamosi nitapita Kiborloni,
nikague karatasi
wanazofungia karanga.