Daftari la Mafuta

Shemeji Shekue kasema: chukua pikapu.
Hapa Duluth, kasema, mji umelala chali mlimani,
barabara zinashuka ziwani kama mtu aliyesukumwa,
na gari dogo, siku ya barafu, ni sahani ya kuteleza.
Lake lina magurudumu yanayonifika kifuani.
Nikamwambia ukubwa wa pua si wingi wa kamasi.
Akacheka. Kisha akaniomba dola ishirini za mafuta.

Mimi nilishapiga hesabu nyuma ya bahasha ya bili:
maili ishirini na saba mpaka Two Harbors,
kule ninakowaogesha wazee kabla hawajaletewa uji,
ishirini na saba kurudi,
siku ishirini na mbili za mwezi.
Pikapu ingekunywa galoni sitini na sita.
Gari dogo, thelathini na moja na tone.
Hapo katikati kuna ada ya Mwanakheri kule Muheza,
na viatu vyake, na chenji.
Bandu bandu huisha gogo,
na mshahara wangu haujawahi kuwa gogo nene.

Nimeona matatu.
La kwanza petroli nusu, umeme nusu,
kimya kama paka aliyeiba,
lakini betri yake, fundi kasema, inahesabu siku.
La pili lilinukia rangi mpya. Nikapiga goti kwenye theluji,
nikachungulia: chumvi ya barabarani
ilikuwa imelitafuna tumbo hadi likawa kifumbu.
Muuzaji akatazama ndege.

La tatu lilikuwa la Bibi Arlene Hokkanen,
mjane wa mtaa wa juu. Rangi ya maji ya maharage,
injini ndogo unayoweza kuipakata,
waya wa kuipasha moto ukining'inia mbele
(kamasi hiyo, Shekue, ndiyo inayowasha gari alfajiri).
"Reino alisema mlima hupandwa kwa matairi, si kwa kifua,"
akanifungulia banda:
manne ya theluji, yamelala chini ya shuka la maua.

Kwenye droo ya mbele nikakuta daftari.
Miaka kumi na minne, kwa kalamu ya risasi,
kila alipojaza tangi: galoni, maili, hali ya hewa.
*Mvua. Thelathini na tisa.*
*Upepo wa ziwani. Thelathini na tano.*
*Ukungu, nimeendesha kwa masikio. Thelathini na nane.*
Na katikati, bila aibu, kwa mwandiko uleule:
*Ishirini na saba chini ya sufuri. Limekataa.*
*Limekataa tena. Nilisahau waya. Kosa langu.*
*Breki za nyuma zinalia. Arlene asijue.*

Bibi Arlene hakuwahi kulifungua.
Nikamsomea. Na mstari wa breki nikamsomea,
kwa sababu nilitaka apunguze mia tatu,
na kwa sababu ningefikia hapo nikaruka, angesikia.
Akanyamaza muda wa birika kuchemka.
Kisha akasema, "Punguza.
Hizo mia tatu ni deni la Reino."

Sasa ni Januari, ziwa linafuka kama sufuria ya ubwabwa.
Natoka saa kumi na nusu usiku, nachomoa waya,
gari linakohoa mara mbili, linakubali.
Sisemi ni la ajabu. Kisigino cha kushoto kinaganda,
na lori likinipita Barabara ya Ufukweni
naona maziwa matupu kiooni, nahesabu hadi tano.
Jumanne nilizama kwenye ukuta wa theluji wa Mtaa wa Nne.
Shekue ndiye aliyekuja kunivuta, na pikapu yake,
na hakusema neno,
na hilo lilikuwa neno refu.

Jioni nikajaza tangi, nikavua glavu moja,
nikaandika chini ya mwandiko wa Reino, kwa Kiswahili,
maana gari limeshazoea kusikia ukweli:
*Theluji ya unga. Thelathini na saba.
Nimevutwa mara moja. Kosa langu.*