Groshi Thelathini

Radosław, ulinipigia simu saa mbili asubuhi,
mswaki ungali mdomoni mwangu.
"Bożena, kazi imekuja, ni yako kabisa!"
Mkataba wa miezi sita, mteja mkubwa, hapa hapa Katowice.
Ukataka wasifu wangu kabla ya saa sita.
Ukataka nipunguze malipo, kidogo tu,
kisha kidogo kingine.

Nikavaa koti nililomzikia mama, ndilo jipya nililo nalo.
Mteja alikuwa anakula mkate wa jibini.
Umri wangu aliuuliza kwa kuzunguka:
"Bado una pumzi ya kukimbizana na vijana?"
Nikamjibu sikuja kushindana mbio.

Halafu ule mtihani:
mashine ya tiketi inamwibia abiria chenji,
tafuta kosa, leta Jumatatu.
Jumamosi nzima, Jumapili nzima, bila senti.
Nikalipata. Mstari mmoja, alama moja imekaa kinyume.

Jumanne, kimya.
Ijumaa ukasema, "Bado wanajadiliana."
Toka hapo simu yako
inalia tu, inalia,
kama kengele ya nyumba iliyohamwa.

Leo, kituo cha tramu, theluji mpaka kifundoni,
nimetia sarafu.
Mashine ikafikiri,
ikanirudishia groshi thelathini, kamili,
na kwenye kioo, kwa herufi za kijani: Asante.

Nikasimama pale, tramu ikaniacha.
Kati yenu nyote, Radosław,
mashine ndiyo iliyonijibu.