Utepe wa Sista Kadzo

Jumanne, Sista Kadzo wa zahanati alikuja kwetu Guraya
na utepe kama wa fundi cherehani,
akaomba mkono wa kushoto wa mama yangu.
"Wanishonea nini, mwanangu?" mama akauliza.
"Dera, ama sanda?"

Sista hakucheka. Akauzungusha utepe,
akasoma kwa sauti ya chini,
kama asomaye risiti ya mtu mwingine:
kumi na tisa na nusu.

Mimi nilikuwa mlangoni na mfuko wa ndizi.
Mkono ule naujua.
Ndio uliokanda unga wa mahamri kila alfajiri, kilo nane,
ukapasua nazi kwa pigo moja,
ukanichapa siku niliyouza kitabu cha hesabu ninunue achari.
Makuli wa bandarini walifungua kinywa kwa mkono ule,
na watoto wa chuoni wasio na senti,
walioambiwa, "Utalipa ukioa."

Bangili zake amezipandisha juu ya kiwiko
zisimwanguke.
Nami miezi yote hii nikidhani ni mtindo.

"Anakula nini?"
Nikajibu mimi, haraka, kama mshtakiwa:
anakula, Sista, kila Jumamosi naleta,
mchele, unga, mafuta, nyama ya steki isiyo mfupa.
Sista akafungua kabati.
Mchele ni wa Shaabani, mfuko haujakatwa.
Unga una wadudu.
Na nyama,
nyama tulionyeshwa dirishani: paka wa Bi Nuru,
amenona hata shingo imepotea.
Mezani, chai ya rangi iliyopashwa mara tatu
na ganda la mkate limelowa humo.

"Nimeshiba," akasema mama.

Ni neno lake la zamani.
Tulipokuwa sita na changu ni mmoja,
alishiba kichwa.
Alishiba harufu.
Alishiba kututazama tukinyang'anyana mkia.

Meno tuliyakuta ndani ya mtoto wa meza,
kwenye kikopo cha siagi, yamefungwa kitambaa.
Ufizi umenywea, meno yamebaki vilevile,
yanampwaya kama viatu vya marehemu.
Hakumwambia mtu.
Angesemaje, Mwanamkasi wa mahamri,
kwamba mkate umemshinda?

"Yai, mama," Sista akasema. "Mbaazi zilizopondeka.
Samaki umchambue miba. Uji utie maziwa na njugu za kusaga.
Kidogo kidogo, mara tano kwa siku."
"Uji ni wa mzazi na mgonjwa. Mimi ni yupi?"
Kisha, akiukunja ukingo wa leso yake:
"Na hizo mara tano, nile na nani?"

Sista akaanza kuukunja utepe.
Mimi nikatazama ndizi.
Ninajua nijavyo: natua mfuko, nauliza dawa,
nachungulia simu, naondoka
kabla foleni ya feri haijawa ndefu.

Siku ile sikuondoka.
Nikaketi juu ya mbuzi, mwanamume wa miaka hamsini na minane,
nikakuna nazi vibaya, nikajikuna na kidole.
Mbaazi nikaziponda kwa mwiko hata zikawa kama malai.
Kutoka chumbani ikaja sauti:
"Tui la kwanza walitia sasa? Nani kakufunza?"
Akaja akishika ukuta, hatua kwa hatua,
kuja kunigombeza.
Muda mrefu sikuwa nimegombezwa.
Nikaliharibu na tui la pili, kusudi.

Alikula vijiko sita. Nilivihesabu
kwa siri, kama yeye alivyokuwa akihesabu vyetu.
Cha saba akakielekeza kwangu.
"Kula wewe. Mimi nimeshiba."
"Nimeshiba," nikasema nami.

Tukatazamana,
kijiko kati yetu, mkono wake ukitetemeka,
bangili zikiteremka taratibu hata kwenye kifundo,
na hakuna aliyekuwa tayari kufungua kinywa.