Kigae cha Ndagoni

Mimi Mize binti Faki,
sina chuo, sina chaki,
ila chekeche, na dhiki
ya jua, hapa Ndagoni.

Wamekuja wanachuo
na kamba, na vipimio:
"Mize, njoo, shika cheo,
uwe wetu chekecheni."

Hapa palikuwa mji,
sasa minazi na maji,
na mbuzi na wachungaji
hulala makaburini.

Kila ndoo nichungapo
samaki wa kale wapo,
shanga mbili tatu zipo,
kauri za ufukweni.

Jana ikiwa dhuhuri
nikaona kinawiri
kigae kama johari,
kijani cha mikokoni.

Akaja kijana wao,
akakifuta kwa nguo,
asema, "La wenye vyeo
bakuli hili, la Sini.

"Mia saba imepita
walipozuka kwa vita
Wamongoli, na kufuta
miji mingi duniani.

"Baghdadi ikaanguka,
vitabu vikamwagika,
mto ukabadilika,
wino tupu mawimbini.

"Lakini, Mize, ajabu:
upanga ulo adhabu
ndio ulovunja tabu
ya mipaka safarini.

"Vyombo vikafungwa nyasi,
kwa ngamia na farasi,
vikauzwa kwa fulusi,
vikafika kisiwani.

"Lakini njia ni njia:
chema na kiovu pia.
Na panya wakaingia
chomboni, wana tauni."

Kisha akaenda chai.
Mimi na kigae, hoi.
Mwenyewe hata hajui
nani alokula, lini.

Mimi najua, kwa kweli:
lilikuwa la Batuli,
mahari yake kamili
siku ya kutoka ndani.

Hakulitumia ovyo,
alilitunza vilivyo;
kwa Idi tu, hivyo hivyo,
lilitoka vidakani.

Mengine yakapachikwa
penye wakubwa kuzikwa;
hili, wali ukipikwa,
hujaa hadi pomoni.

Akalirithi bintiye,
mjukuu baadaye,
na kitukuu, na yeye,
lipo lile, salimini.

Merikebu zikazuka,
msalaba zajivika,
mizinga ikachomoka,
meno nje ubavuni.

Mreno habishi hodi;
ataka mchele, kodi,
ng'ombe, na kila idadi
kaitia daftarini.

Wa farasi hakujua
kwamba sisi twapumua;
huyu jina kachukua,
akalichora ramani.

Kitukuu wa Batuli
akaulizwa bakuli,
akaona ni muhali
kulitia mikononi.

Akalipiga kwa jiwe:
"Lisiwe lake, lisiwe
langu pia; nalo liwe
la mchanga wa shimoni."

Au siyo. Labda paka
alipanda, likatoka,
ta! chini likapasuka,
bila Mreno nchini.

Ila mji ulikonda,
wenye mali wakaenda,
popo wakaja kupanda
kibla cha msikitini.

Sijui. Kijana wetu
hakuuliza ya kwetu;
akaandika: "Namba tatu,"
kakitia mfukoni.

Jioni nimepakua
wali na samaki chaa;
Shaame chini kakaa,
bakuli li mapajani.

Ni plastiki, ni jekundu,
ukingoni lina tundu;
nililipata kwa Bundu,
Chake Chake, barazani.

Alipokwisha kulamba
akaona, kama namba,
herufi zilizopamba
kitako chake kwa chini.

"Mama, hapa wamechora
vijumba, na kama sura
ya mtu mwenye ishara.
Limetoka nchi gani?"

Nikanyamaza kitambo,
nikawaza: nyasi, vyombo,
farasi, paka, na jambo
la ile namba fukoni.

"Lishike vizuri, mwana,
limetoka mbali sana;
likivunjika, hapana
budi: tupa mchangani."