Kiraka Kisichoziba Tundu

Kwanza kitoe kwenye hiyo plastiki, Wendell.
Kitambaa nacho hupumua.
Kilaze kifudifudi juu ya taulo jeupe.
Uso usiutazame bado, mgongo ndio husema kweli:
uzi huu wa kijani ni wa jeshi, umepita kwa mashine,
umenyooka kama gwaride;
na huu mweusi, wa mishono mirefu iliyolewa,
ni babu yako, usiku, na sindano ya kuazima.
Huo hatuung'oi.

Sasa soksi hii ya nailoni
tunaivisha mdomo wa kifyonza vumbi.
Nguvu ya chini kabisa. Vumbi litoke, uzi ubaki.

Halafu kijiti cha pamba
na tone moja la maji, yale ya kutilia betri ya gari.
Gusa ile nyekundu, pembeni kabisa,
hesabu hadi sitini, kisha inua.
Pamba ikibaki nyeupe, tunaendelea.
Ikiona haya, tunaacha.

Hesabu polepole. Nitakwambia kwa nini.

Mwaka wa hamsini na tatu nilikuwa na miaka tisa.
Kaka yangu Reino alirudi kutoka Korea
na treni ya asubuhi, theluji ya Duluth
ikiwa imefika madirishani.
Mama alikigusa kile kitambaa begani mwake, akauliza:
kiraka hiki kinaziba tundu gani?
Reino akaenda kulala. Alilala siku mbili.

Mimi nikalichukua koti.
Nilitaka aamke alikute jipya.
Maji ya moto kutoka jiko la kuni,
sabuni ya mche, brashi ya sakafu.
Nilisugua kwa mikono miwili, nimetoa ulimi.
Nyekundu ikatoka, ikatoka yote kwa pamoja
kama watoto siku shule inapofungwa,
ikaivamia nyota nyeupe iliyokuwa katikati,
ikahamia humo.
Maji yakimwagika hayazoleki, husema watu.
Juu ya rangi hawakusema kitu.

Mama aliona, akaendelea kumenya viazi.

Reino alilishika koti mlangoni, penye mwanga,
mpaka nyumba nzima ikaingia baridi.
"Nyota ya waridi," akasema. "Nani atanipigia saluti?"
Akalivaa vivyo hivyo kwenda gatini kupakia mawe ya chuma,
vipupwe kumi na kimoja.
Wenzake wakamwita Waridi.
Hakuwaambia kilichotokea,
nami hakuniambia ya Korea. Tulikuwa sare.
Kiwiko kilipotoboka alikikata kiraka kwa wembe,
akaniwekea karibu na sahani yangu.
"Kazi yako hii," akasema, akaomba chumvi.

Umefika sitini? Lete hapa dirishani.
Hmm.
Inaona haya, kidogo, hapa ukingoni. Unaona?
Basi hakiogi.
Najua ulitaka kumpelekea mama yako kiking'ara.
Doa hilo litabaki. Ni kahawa, nadhani.
Babu yako alikuwa mpishi, si ndiyo? Basi ni kahawa.

Tutakizungushia karatasi isiyo na tindikali,
kisha mfukoni (hapo plastiki tunairuhusu, kwa muda)
kikae kwenye friza wiki mbili
kati ya njegere zangu na samaki wa ziwani,
mayai ya nondo yafie humo.
Baadaye usikipige pasi.
Usikigandishe kwa gundi kwenye fremu.
Na usikitundike mkabala na jua:
jua hula bila kutafuna.

Pesa? Weka pochi yako.
Kuna kuni nje, na mgongo wangu una miaka themanini.

Cha Reino kimo droo ya tatu, chini ya vitambaa vya meza.
Kitazame ukitaka.
Ila nawa mikono kwanza.
Na uifute vizuri.