Jina Nililoandika Mapema

Mwaka ule Elnino ilikuwa imeng'oa lami Barabara ya Jogoo,
nasi wodini tulikuwa na vitanda thelathini na viwili,
wagonjwa hamsini na tisa.
Wengine walilala mzungu wa nne,
wengine sakafuni, juu ya makatoni ya sabuni.
Glavu tulizifua, tukazianika dirishani
kama mikono ya watu waliokwisha kuaga,
tukazipaka poda, tukazivaa tena.

Ugonjwa wenyewe haukutajwa.
Mtaani walisema, amekanyaga waya.
Kwenye cheti daktari aliandika nimonia,
kifua kikuu, homa ya uti wa mgongo;
jamaa walisoma, wakashukuru, wakakunja karatasi.

Mzee Ondiek, msukuma toroli la maiti,
kila Jumatatu aliomba jikoni kijiko cha Kimbo
apake gurudumu la kushoto, lililokuwa likilia.
"Wasisikie," aliniambia, "mwenzao akipita."
Nimeketi chini ya mahubiri mengi tangu hapo.
Hakuna lililofika pale alipofika na kijiko chake.

Mimi nilikuwa na daftari.
Rejista ya hospitali iliandika namba ya kitanda,
na namba hurithiwa: kitanda cha kumi na moja
kilikufa mara nne mwezi wa Mei.
Basi nikaandika majina, kwa wino,
nikayasoma mbele za Mungu kabla ya kulala,
kwa kuwa maneno mengine ya sala yalikuwa yamenikauka.
Karwitha. Guyo.
Mwalimu Mghanga, aliyesahihisha Kiswahili changu
hadi siku ulimi wake ulipoota utando mweupe.
Mtoto wa Akeyo, hakuwa amepewa jina;
nikaandika: Mtoto wa Akeyo. Wewe unamjua.

Usiku mmoja wa Agosti nilikuwa nimesimama kwa saa kumi na nne.
Syombua, kitanda cha ishirini, alipumua
kama mtu anayepanda ngazi na mtungi wa maji.
Pumzi hiyo naijua. Najua inakoishia.
Nikajiambia, huyu haoni alfajiri,
nami nataka kulala, nisiamke tena kuandika.
Nikaandika jina lake. Nikapuliza wino ukauke.
Nikamwombea kama tunavyowaombea marehemu.

Asubuhi aliomba uji.
Akasema hauna sukari.

Sikulifuta. Wino haufutiki, halafu niliona haya.
Aliondoka Oktoba kwa miguu yake, kilo thelathini na nne,
akarudi, akaondoka, akarudi,
hadi mwaka ule dawa zilipoletwa kwa maboksi
naye akawa wa nane kwenye foleni.

Siku hizi anauza maharagwe sokoni Umoja.
Amenenepa. Ana wajukuu, ana maneno.
Hunijazia gorogoro hadi punje zinamwagika,
akiwaambia wateja, "Sista huyu ndiye aliyeniombea."
Ni kweli, nilimwombea.
Simwambii sala ilikuwa ipi.

Kanisani wakiniinua nishuhudie
wanataka muujiza ulionyooka: niliamini, akapona.
Sikuamini. Nilikuwa na usingizi.
Nina daftari lenye majina mia tatu na sita,
na mia tatu na tano ni ya kweli.
Kila Novemba huyasoma yote, polepole, hata lile,
na nikilifikia sauti hukwama,
si kwa huzuni.
Kwingine kote nilipokadiria kifo, nilipatia.
Hapo tu nilikosea,
na hapo ndipo ninapopiga goti.

Kisha Jumamosi nachukua kikapu,
naenda sokoni kununua maharagwe
nisiyoyahitaji.